Miaka Thelathini na Mitano ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ya Kenya

Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ilizinduliwa rasmi jijini Nairobi tarehe 7 Machi 1990. Sheria iliyoiunda, Sura ya 485A, ilikuwa imepita Bungeni mwaka uliotangulia, na bodi yake ya kwanza ilikuwa imeundwa mwezi Januari. Soko la Hisa la Nairobi lenyewe lilianza mwaka 1954. Kwa hiyo kwa miaka 36 hisa za kampuni za Kenya zilinunuliwa na kuuzwa bila kuwepo chombo cha serikali ambacho kazi yake hasa ni kumwangalia dalali anayeshika fedha za watu. Mamlaka ilizaliwa ikikuta mazoea yaliyokwisha kukomaa, na sehemu kubwa ya historia yake ni habari ya kupambana na mazoea hayo.

Mazoea yalianzia hotelini. Tangu miaka ya 1920 walowezi wa Kizungu walikuwa wakiuziana hisa, ingawa hapakuwa na kanuni wala jengo la soko. Dalali alikuwa mhasibu, wakili au mpiga mnada aliyeifanya kazi hiyo kando ya shughuli zake nyingine. Mwaka 1951 Francis Drummond, mtu wa biashara ya ardhi na majumba, alifungua kampuni ya kwanza iliyojishughulisha na udalali wa hisa kwa ukamilifu, kisha akamwendea Sir Ernest Vasey, waziri wa fedha wa koloni, na wazo la kuanzisha soko la Afrika Mashariki. Soko la London liliridhia mwaka 1953, na mwaka uliofuata soko la Nairobi likaandikishwa chini ya Sheria ya Vyama kama chama cha hiari cha madalali. Walikutana asubuhi katika hoteli ya New Stanley, wakanywa kahawa, wakakubaliana bei, na mengine yakamalizwa kwa simu. Kilichowafunga ni ahadi ya mdomo baina ya watu waliofahamiana. Waafrika na Waasia hawakuruhusiwa kununua hisa mpaka uhuru ulipopatikana mwaka 1963.

Kuandikishwa kama chama kuliacha alama ya kudumu. Madalali ndio waliokuwa wenye soko, watunga kanuni zake, na waamuzi wa malalamiko dhidi yao wenyewe. Mteja aliyedhulumiwa angeweza kwenda mahakamani, lakini kabla ya hapo alitakiwa kupeleka kilio chake kwa wenzake wa mtu aliyemdhulumu. Wahenga wangesema fisi amekabidhiwa bucha. Katika mji mdogo ambamo mnunuzi, muuzaji na dalali walikula chakula katika klabu moja, aibu ilitosha kumzuia mtu asiibe. Nchi ilipopata uhuru na hisa zikaanza kufika kwa mwalimu wa Nyeri na karani wa Kisumu, watu ambao dalali hatawaona kwa macho maisha yake yote, aibu ilikoma kuwa ulinzi. Hakuna aliyeweka kitu kingine mahali pake kwa zaidi ya miaka 25.

Serikali haikuwa imelala kabisa. Katika miaka ya 1970 Hazina ilikuwa na kamati ya kupitia hisa mpya zilizotaka kuuzwa kwa umma na bei zake. Lakini kamati hiyo iliitazama kampuni inayouza hisa, na kazi yake iliishia pale hisa zilipokwisha kuuzwa. Nani amepokea hundi ya mnunuzi, ameiweka katika akaunti gani, na kwa nini cheti cha hisa kimechelewa miezi mitatu, hayo hayakuwa maswali yake.

Mabadiliko yaliletwa na haja ya fedha. Mwaka 1984 Benki Kuu ya Kenya na Shirika la Fedha la Kimataifa, tawi la Benki ya Dunia linaloshughulika na sekta binafsi, walitoa ripoti kuhusu maendeleo ya masoko ya fedha na mitaji nchini. Moja ya mapendekezo yake ilikuwa kuundwa kwa chombo cha kusimamia soko. Mwaka 1988 serikali iliuza kwa umma asilimia 20 ya hisa zake katika Benki ya Biashara ya Kenya, na huo ukawa uuzaji wa kwanza wa mali ya serikali kupitia soko la hisa. Mwaka huo huo baraza la ushauri likaundwa kuandaa muswada. Serikali iliyokusudia kuwauzia wananchi mashirika yake haikuweza kuwapeleka wananchi hao katika soko lisilo na mwangalizi, na hoja hiyo ndiyo iliyoisukuma sheria ya 1989.

Kiini cha sheria hiyo ni katazo moja: mtu yeyote asifanye biashara ya udalali wa hisa au ya ushauri wa uwekezaji bila leseni ya Mamlaka. Mengine yote, yaani mtaji unaotakiwa, ukaguzi wa vitabu, sifa za wakurugenzi na adhabu, yanaegemea hapo. Sheria ilimtenga dalali na mshauri, na ilikuwa na sababu. Dalali hulipwa kamisheni kila hisa zinapobadilisha mikono, hivyo ana faida katika wingi wa biashara hata kama mteja hana. Mshauri hulipwa kwa maoni yake, au kwa kusimamia mkusanyiko wa hisa za mteja kwa mkataba. Wakili au mhasibu anayegusia hisa katika kazi yake ya kawaida hahesabiwi kuwa mshauri. Anayefanya kutoa maoni kuwa biashara yake huhesabiwa. Katika bodi ya Mamlaka walipewa nafasi wawakilishi wa Hazina, Benki Kuu na Mwanasheria Mkuu, ishara kwamba jambo hili lilitazamwa kama sehemu ya ulinzi wa uchumi mzima.

Lakini sheria hiyo hiyo iliipa Mamlaka kazi mbili ambazo si rahisi kuzifanya pamoja: kukuza soko na kulidhibiti. Anayekuza hupenda kuona madalali wengi, hisa mpya nyingi na watu wengi wakinunua. Anayedhibiti hulazimika mara kwa mara kufunga mlango. Nikipima muongo wa kwanza, naona wazi kwamba kazi ya kukuza ndiyo iliyoshinda.

Na ilikuwa na mafanikio ya kujivunia. Mwaka 1991 biashara ya hisa ilihamia kwenye ukumbi ambamo madalali walipaaza bei mbele ya wenzao, na mwaka 1994 soko likahamia Nation Centre. Tarehe 18 Februari 1994 faharasa ya kampuni 20 ilifika 5,030, na Shirika la Fedha la Kimataifa likalitaja soko la Nairobi kuwa lililofanya vizuri kuliko yote duniani, likiwa na faida ya asilimia 179 kwa hesabu ya dola. Wawekezaji wa kigeni walifunguliwa milango mwaka 1995. Madalali wapya wanane walipewa leseni, na kwa mara ya kwanza kazi hiyo ikaacha kuwa ya nyumba chache zilizorithiana. Mwaka 1996 serikali iliuza hisa za Kenya Airways, kampuni ya KLM ya Uholanzi ikachukua asilimia 26, na wananchi wapatao 110,000 wakawa wenye hisa.

Idadi hiyo ya 110,000 ingepaswa kuwashtua wasimamizi zaidi ya kuwafurahisha. Kila mmoja wa watu hao alikuwa na karatasi, yaani cheti cha hisa, na kila aliyetaka kuuza alilazimika kumkabidhi dalali cheti hicho pamoja na fomu iliyotiwa saini. Kazi ya kuhakiki saini, kupeleka vyeti kwa msajili wa kampuni na kungoja vipya ilichukua wiki nyingi. Katika wiki hizo cheti na fedha vyote vilikuwa mezani kwa dalali. Aliyekuwa mwaminifu alivihifadhi. Aliyebanwa na kodi ya ofisi na mishahara alianza kuvitazama kwa jicho jingine.

Dawa ya karatasi ilipatikana kwa Sheria ya Hifadhi Kuu za Dhamana ya mwaka 2000. Novemba 2004 shirika la hifadhi kuu, ambalo Wakenya wanalijua kwa herufi zake CDSC, lilianza kazi, na hisa zikawa maandishi ya kompyuta katika akaunti yenye jina la mwenyewe. Septemba 2006 biashara yenyewe ikaingia katika kompyuta, na kelele za ukumbini zikakoma. Mageuzi haya yalikuwa makubwa, na Mamlaka ilistahili sifa zilizomiminwa wakati ule. Lakini yalikuwa na ufa ambao wengi hawakuuona. Akaunti ya hisa ilifunguliwa kupitia dalali, na amri ya kuuza ilipitia kwa dalali. Zamani mwizi alihitaji cheti na saini. Sasa karani asiye mwaminifu alihitaji kuketi kwenye kompyuta ya ofisi tu. Fedha za mauzo, kwa upande wake, ziliendelea kupita katika akaunti za dalali kama zilivyopita tangu enzi za New Stanley. Hisa zilikuwa zimewekwa salama zaidi huku fedha zikibaki palepale.

Hali hiyo ndiyo iliyokutana na KenGen. Mwaka 2006 serikali iliuza asilimia 30 ya kampuni hiyo ya umeme kwa shilingi 11.90 kwa kila hisa. Foleni zilizunguka majengo, maombi yakazidi hisa zilizokuwepo zaidi ya mara tatu, na walionunua wakaona bei ikipanda tangu siku za kwanza sokoni. Habari zikaenea vijijini kwamba kuna mahali shilingi huzaa shilingi nyingine kwa wiki chache. Januari 2007 faharasa ilipita 6,000. Kampuni za udalali zilizokuwa na wateja mia chache zikajikuta na makumi ya maelfu, zikafungua matawi mijini, zikaajiri vijana ambao hawakuwa na mafunzo, na vitabu vyao vikashindwa kufuata biashara.

Mwaka 2007 Francis Thuo and Partners, moja ya kampuni za udalali za muda mrefu nchini, ilisimamishwa kwa kushindwa kutimiza wajibu wake. Machi 2008, wiki chache tu kabla ya hisa za kampuni ya simu ya Safaricom kuanza kuuzwa, Nyaga Stockbrokers iliwekwa chini ya msimamizi wa kisheria. Mwaka 2009 ikawa zamu ya Discount Securities, na Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, ambamo wafanyakazi huweka akiba ya uzeeni, ikajikuta imenasa humo na zaidi ya shilingi bilioni moja. Mwaka 2010 Ngenye Kariuki and Company ikafuata. Kampuni nne katika miaka minne, katika soko lenye madalali wapatao ishirini.

Malalamiko ya miaka hiyo yalifanana. Mtu alienda kuuliza hisa zake akaambiwa zilikwisha kuuzwa, na yeye hakutoa amri. Mwingine aliuza kwa hiari akapewa hundi iliyorudi benki. Mwingine alilipia hisa ambazo hazikununuliwa kamwe. Kwa lugha ya uhasibu, fedha za wateja na fedha za kampuni zilichanganywa katika chungu kimoja, na mteja wa leo akawa analipwa kwa fedha za mteja wa kesho. Kampuni ya namna hiyo inaweza kutembea miaka mingi soko linapopanda, maana kila siku huja mteja mpya. Soko likipoa, hata kwa miezi michache, siri yote hutoka nje.

Mamlaka ilikuwa wapi? Hilo ndilo swali lililoulizwa Bungeni, magazetini na kwenye ngazi za ofisi zake, na halikuwa swali la uonevu. Mamlaka ilikuwa na uwezo wa kisheria wa kukagua vitabu vya dalali. Ilikuwa ikipokea taarifa za fedha za kampuni hizo. Kile ambacho haikuwa nacho ni mazoea ya kuingia ofisini mwa dalali bila kualikwa, kuchukua orodha ya wateja, na kulinganisha mstari kwa mstari kile kilichoandikwa humo na kile kilichoko benki na CDSC. Ilisoma hesabu ilizopelekewa. Dalali anayeficha deni hupeleka hesabu zinazosomeka vizuri.

Katikati ya msukosuko huo ikaja Safaricom. Hisa bilioni 10, robo ya kampuni, kwa shilingi 5 kila moja: thamani ya shilingi bilioni 50. Zaidi ya watu 800,000 waliomba, maombi yakawa zaidi ya mara tano ya hisa zilizotolewa, na mwananchi wa kawaida akapata karibu moja ya tano tu ya alizotaka. Wengi walikuwa wamekopa benki kwa matumaini ya yale ya KenGen. Walilipa riba ya mkopo mzima wakiwa wamepewa hisa kidogo na wakingoja kurudishiwa salio. Hisa ziliingia sokoni tarehe 9 Juni 2008, na kabla ya mwaka kwisha bei ilikuwa chini ya ile shilingi 5. Machi 2009 faharasa ya kampuni 20 ilishuka chini ya 2,500. Kizazi kizima cha Wakenya kilionja soko la hisa kwa mara ya kwanza katika miezi hiyo, na wengi hawajarudi.

Sheria ilikuwa imeweka Hazina ya Fidia ya Wawekezaji kwa ajili ya siku kama hizo. Ilifanya kazi, na hilo ni jambo la kuheshimiwa, kwani katika nchi nyingi changa hazina za aina hii hubaki karatasini. Wateja wa kampuni zilizoanguka waliwasilisha madai, yakahakikiwa, wakalipwa. Lakini kikomo kilikuwa shilingi 50,000 kwa kila mtu. Mama aliyepoteza hisa za shilingi 40,000 alirudishiwa zote. Mstaafu aliyeweka kiinua mgongo chake chote katika hisa alipewa 50,000 hizo hizo na kuambiwa ajipange na wadai wengine wa kampuni isiyo na mali.

Stella Kilonzo alishika uongozi wa Mamlaka mwaka huo wa 2008, na kipindi chake ndicho naona kama mwanzo wa pili wa taasisi hii. Mtaji wa chini wa dalali wa hisa ulipandishwa hadi shilingi milioni 50, na wa benki ya uwekezaji hadi milioni 250. Madalali kadhaa walilalamika kwamba wanafukuzwa katika biashara, na baadhi yao wakauza kampuni zao kwa wenye mifuko mizito zaidi, zikiwemo benki. Hiyo ndiyo iliyokuwa shabaha iliyokusudiwa: mwenye mtaji wake mwenyewe mezani ana kitu cha kupoteza kabla ya kugusa cha mteja. Kanuni za mwenendo wa biashara za 2011 zikaandika kwa lugha isiyo na mwanya kwamba fedha za mteja zikae katika akaunti yake tofauti. Ukaguzi ukaanza kupangwa kwa kuangalia nani yuko hatarini zaidi, badala ya kumzungukia kila mmoja kwa zamu. Baadaye madalali wakalazimishwa kuwa na mfumo wa kompyuta wa ofisini unaorekodi kila amri ya mteja, saa iliyotolewa na aliyeipokea, ili karani asiweze tena kuuza hisa za mtu bila kuacha nyayo.

Mageuzi makubwa zaidi yaligusa lile kosa la 1954. Soko lilipaswa kuacha kuwa mali ya madalali. Mazungumzo yalichukua miaka, kwa kuwa hakuna anayepokonywa nyumba akafurahi. Mwaka 2011 Soko la Hisa la Nairobi lilibadilisha jina na muundo, likawa kampuni yenye hisa, na mwaka 2014 likauza hisa zake lenyewe kwa umma kwa shilingi 9.50. Maombi yalizidi mara saba na zaidi. Tangu siku hiyo, mwalimu wa Nyeri anaweza kuwa mmoja wa wenye soko ambalo babu yake alizuiwa kununua humo. Kati ya yote yaliyofanywa chini ya usimamizi wa Mamlaka, hili ndilo ningeliandika kwa wino mzito.

Miaka iliyofuata ilileta majaribu ya aina nyingine. Oktoba 2015 Benki Kuu iliifunga Imperial Bank wakati hatifungani yake ya shilingi bilioni 2, ambayo Mamlaka ilikuwa imeidhinisha, ikiwa tayari imechangiwa na wawekezaji lakini haijaanza kuuzwa sokoni. Miezi sita baadaye Chase Bank, iliyokuwa nayo imeuza hatifungani, ikawekwa chini ya mrasimu. Mamlaka ilipotaka kuwawajibisha wakurugenzi wa Imperial, wao walihoji mahakamani iwapo chombo kilichoidhinisha hatifungani kinaweza pia kuchunguza na kuhukumu. Shauri lilifika hadi Mahakama ya Juu. Wapo walioona kesi hizo kama ucheleweshaji wa haki. Mimi naziona kama malezi ambayo taasisi hii ilihitaji, kwa sababu Katiba ya 2010 inamhakikishia kila mtu utaratibu wa haki katika maamuzi ya kiutawala, na adhabu inayotolewa bila kuufuata hufutwa na wenye hatia hutoka wakicheka.

Kwa upande wa washauri, hadithi ni fupi zaidi na bado haijakaa sawa. Wenye leseni ni wachache na wengi wao huhudumia kampuni na mifuko ya pensheni. Wasio na leseni hawahesabiki. Katikati ya miaka ya 2000 walikuja wenye michezo ya upatu, wakijiita vyama vya maendeleo na wakati mwingine wakihubiri kutoka mimbarini, na jopo la serikali lililoripoti mwaka 2009 lilikadiria kwamba Wakenya walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8. Michezo hiyo haikuwa benki, hivyo Benki Kuu ilisema si yake. Haikuwa hisa, hivyo Mamlaka ilisema si yake. Haikuwa chama cha akiba na mikopo, hivyo wa ushirika wakasema hivyo hivyo. Aliyeibiwa alizungushwa kati ya ofisi tatu, kila moja ikiwa na sheria ya kuonyesha kwamba mlango wake sio anaopaswa kuubisha. Sijui aibu kubwa kuliko hiyo katika usimamizi wa fedha nchini.

Somo hilo lilisikika, angalau kwa sehemu. Biashara ya fedha za kigeni ya mtandaoni ilipoanza kuwavuta vijana, Mamlaka haikungoja kusukumwa na wengine. Kanuni zilitolewa mwaka 2017, na leseni ya kwanza ya dalali wa mtandaoni ikatolewa mwaka 2018. Mifuko ya pamoja ya uwekezaji, ambayo sasa mtu hujiunga nayo kwa simu akiwa na shilingi mia chache, ilipita shilingi bilioni 200 kufikia mwaka 2024, na huko ndiko mwananchi wa kawaida amerudi baada ya majeraha ya 2008. Fedha hizo hushikwa na mlezi ambaye ni benki, husimamiwa na meneja, na huangaliwa na mdhamini, watu watatu tofauti kwa amri ya kanuni. Mpango huo umejengwa juu ya yale ambayo madalali walioanguka waliyafundisha kwa gharama ya wateja wao. Na pale kampuni inapouza kitu kinachofanana na mfuko bila kuomba idhini, Mamlaka leo hutoa tangazo hadharani na kuitaja kwa jina, jambo ambalo miaka 20 iliyopita lingechukua miezi ya barua.

Majirani nao walipita njia hii. Tanzania ilitunga sheria yake ya masoko ya mitaji na dhamana mwaka 1994, Uganda mwaka 1996, na mwaka 1997 wasimamizi wa nchi hizo tatu wakaunda umoja wao ili dalali aliyefungiwa Nairobi asivuke mpaka akafungue ofisi Kampala au Dar es Salaam. Rwanda ilifuata baadaye. Wote walianza na msimamizi kwanza, soko baadaye au pamoja naye. Kenya ndiyo iliyokuwa na soko kwanza, na ndiyo iliyolipa zaidi.

Katika ofisi zake za Embankment Plaza, Upper Hill, Mamlaka sasa inasimamia mambo ambayo waliounda sheria ya 1989 hawakuyaota, na sheria ya mwaka 2025 kuhusu mali za kidijitali imeiongezea mengine. Kabla haijaenda mbali huko, yapo mawili inayopaswa kuyamaliza. Kikomo cha fidia kilichopangwa enzi ambazo shilingi 50,000 zilikuwa fedha nyingi kipandishwe hadi kiasi kinachomfaa mstaafu, na kipandishwe kabla dalali mwingine hajaanguka. Pili, Mamlaka, Benki Kuu na msimamizi wa vyama vya akiba wawe na dawati moja la kupokea malalamiko, ili aliyeibiwa asiwe yeye wa kutafuta sheria inayomhusu.

Nawe msomaji, kama una hisa za KenGen au Safaricom zilizolala tangu miaka ile, wasiliana na CDSC mwenyewe uombe taarifa ya akaunti yako, uone kama idadi iliyoandikwa humo ndiyo unayoikumbuka. Na mtu yeyote akikushauri mahali pa kuweka fedha, hata akiwa jamaa yako au mchungaji wako, muulize namba ya leseni, kisha ulitafute jina lake katika orodha ya Mamlaka kabla hujatoa hata shilingi moja.